Mjadala: Tunaopinga kutoa mimba, tunasema nini kuhusu viinitete vilivyogandishwa?

Wapendwa, na ninyi pia msio wa imani yetu, karibuni tulizungumze hili kwa heshima. Mimi ni Mbaptisti wa msimamo wa kihafidhina. Naamini uhai wa binadamu huanza pale mbegu ya baba inapoungana na yai la mama. Kama kweli ndivyo tunavyoamini, hatuwezi kupaza sauti juu ya utoaji mimba halafu tukanyamazia yanayofanyika kwenye kliniki za kupandikiza mimba. Wala hatuwezi kumwambia mke na mume waliohangaika miaka mingi bila mtoto "hapana," kisha tukaenda zetu.

Naanzia Marekani kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikopasuka. Desemba 2020, mjini Mobile, jimbo la Alabama, mgonjwa mmoja aliingia chumba cha kuhifadhia viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa maabara na kugandishwa, akavishika. Baridi kali ikamuunguza mkono, akaviangusha, vikafa. Wazazi wakaenda mahakamani. Tarehe 16 Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Alabama ikaamua kwamba sheria ya mwaka 1872 kuhusu kifo cha mtoto inavihusu hata viinitete vilivyo nje ya tumbo. Kliniki kadhaa zikasimamisha huduma, na wanawake waliokuwa katikati ya matibabu wakakwama. Tarehe 6 Machi gavana Kay Ivey akasaini sheria ya kuzikinga kliniki zisishtakiwe. Jimbo lililojaa Wabaptisti, lenye sheria kali mno dhidi ya kutoa mimba, lilirudi nyuma ndani ya wiki tatu. Inaniuma, kwa sababu pale ndipo ilipoonekana kuwa wengi wetu tulikuwa tumeukiri uhai wa tumboni bila kuufikiria uhai ulioko maabara.

Juni mwaka uleule, Southern Baptist Convention, jumuiya ya Wabaptisti wa Marekani yenye waumini karibu milioni 13, ilikutana Indianapolis. Wajumbe wakapitisha azimio linalosema kila kiinitete ni binadamu mwenye haki ya kuishi, na kwamba waumini watumie tu teknolojia za uzazi zisizokwenda kinyume na hilo. Ukumbini alisimama baba aliyepata mtoto kwa IVF, yaani kurutubisha yai maabara kisha kulipandikiza kwa mama, akaomba maneno ya azimio yalainishwe. Hoja yake haikupita. Mimi ningepigia azimio kura ya ndiyo, lakini yule baba ningemsikiliza hadi mwisho, maana mtoto wake naye ni mfano wa Mungu.

Msidhani sisi Wabaptisti tulikuwa wazi tangu zamani. Mwaka 1971, katika mkutano wa St. Louis, jumuiya hiyohiyo ilipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu kutoa mimba katika hali kadhaa, mojawapo ikiwa afya ya mama kihisia. Mwaka 1980 ikageuka, na mwaka 2003 ikatamka majuto yake rasmi. Hatuna papa. Kila kanisa la mahali linajitawala, na azimio la mkutano halimfungi mtu. Ndiyo maana tunahitaji kufundishana mapema, tusije tukasubiri mahakama itufundishe. Wakatoliki walishaandika msimamo wao juu ya IVF mwaka 1987, na sisi tumefika hapo mwaka 2024.

Sasa tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika. Mama hudungwa homoni ili mayai mengi yakomae kwa pamoja, kisha yanavunwa, mara nyingi zaidi ya kumi. Yanarutubishwa karibu yote. Siku ya tatu au ya tano kimoja au viwili huwekwa kwenye mji wa mimba. Vingine vyenye afya vinagandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na wazazi hulipia uhifadhi mwaka hadi mwaka. Vinavyoonekana dhaifu hutupwa. Wakishapata watoto wawatakao, au ndoa ikivunjika, au fedha ikiisha, vilivyobaki vinabaki. Marekani peke yake, azimio la Indianapolis lilitaja makadirio ya milioni 1 hadi milioni 1.5.

Wengine watasema ni chembe tu, tone lisiloonekana kwa macho. Lakini Julai 2025, jimboni Ohio, alizaliwa mtoto aliyekuwa kiinitete kilichogandishwa mwaka 1994. Alikaa kwenye tangi miaka thelathini, kisha mke na mume wasio wazazi wake wa damu wakampokea, akazaliwa mzima. Kama kile kilichokuwa kwenye tangi hakikuwa yeye, kilikuwa nani? Zaburi ya 139 inasema macho ya Mungu yalituona kabla hatujakamilika, na mimi sijui namna ya kuisoma nikawaacha hao nje.

Hapa natofautiana na baadhi ya ndugu zangu. Wapo Wabaptisti wanaoikataa IVF yote, kwa kuwa inatenganisha uzazi na tendo la ndoa. Albert Mohler, mkuu wa seminari ya Louisville, amekuwa mkosoaji wake mkali kwa miaka mingi. Naiheshimu hoja hiyo, ila Maandiko hayajanifikisha huko. Msimamo wangu ni huu: kwa mke na mume waliooana, kwa yai na mbegu zao wenyewe, yarutubishwe mayai tu ambayo mama yuko tayari kuyabeba yote, bila kuchagua na kutupa.

"Haiwezekani," daktari atasema. Inawezekana. Ujerumani ina sheria ya mwaka 1990 ya kulinda viinitete, isiyoruhusu kupandikiza zaidi ya vitatu kwa mzunguko mmoja. Tena siku hizi mayai yenyewe, kabla ya kurutubishwa, yanagandishwa na kuyeyushwa vizuri; madaktari wa uzazi wa Marekani waliacha kuiita njia hiyo majaribio mwaka 2012. Yai lililobaki ni yai, halina mtu ndani yake. Ni kweli nafasi ya kufanikiwa kwa mzunguko mmoja inaweza kupungua na gharama kupanda. Sikatai, na najua kwa maskini hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote.

Mtaniuliza haya yanatuhusu nini Afrika Mashariki. Makanisa mengi ya Kibaptisti huku yalitokana na wamisionari wa jumuiya hiyohiyo, waliofika Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Mafundisho yao tuliyapokea, na maswali yao sasa yamebisha hodi kwetu. Nairobi ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2006. Mbunge Millie Odhiambo amepigania kwa miaka sheria ya kusimamia huduma hizi nchini Kenya, na Uganda nayo imekuwa na muswada wake. Wabaptisti tulipeleka maoni gani huko? Kama yapo, sijayaona.

Na lipo jambo linalotangulia IVF, ambalo mimbarini halitajwi. Huku kwetu sababu kubwa ya mama kukosa mtoto ni mirija ya uzazi kuziba, mara nyingi kwa maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa mapema au maambukizi baada ya kujifungua ama mimba kuharibika. Hayo yanatibika yakiwahiwa. Na mara nyingi tatizo, lote au sehemu yake, liko kwa mume, lakini anayetukanwa na mawifi ni mke. Mchungaji anayehubiri utakatifu wa uhai anaweza kabisa kumwambia mume akapime. Badala yake tunawaacha kina mama wanazunguka kwenye mikutano ya mafuta ya upako, wakirudi wanaambiwa imani yao ilipungua. Katika Biblia, Hana, mama yake Samweli, alilia hekaluni na kuhani Eli akamdhania amelewa. Hata Eli aliposahihishwa alimbariki. Na kwa nini kuasili mtoto kunazungumzwa kwa kunong'ona makanisani mwetu, wakati Paulo anasema sisi sote tumefanywa wana?

Nawaomba mchangie. Wauguzi na madaktari wa kliniki hizi: je, kabla ya kusaini, wanandoa huelezwa idadi ya viinitete vitakavyotengenezwa, na kuulizwa vitakavyobaki vifanyweje? Mliopitia njia hii, mliambiwa mnaweza kuomba mayai machache tu yarutubishwe? Na wachungaji wenzetu, muumini akija kwako ana viinitete vinne kwenye tangi na hana uwezo wa kuvibeba, unamshauri nini?