Mafunzo ya mtandaoni ya tiba ya utambuzi na tabia kwa waraibu: tuchague yapi?

Muuguzi wa Katuba
Ndugu zangu, salamu kutoka Lubumbashi. Nafanya kazi katika kituo cha afya cha Katuba, ambako walevi wa lutuku, pombe kali ya kienyeji, na wavutaji wa bangi hutufikia kwa ajili ya vidonda, kifua au majeraha ya ugomvi, mara chache sana kwa ajili ya ulevi wenyewe. Mkuu wa kituo amekubali kulipia kozi moja tu ya tiba ya utambuzi na tabia (CBT), yaani tiba ya mazungumzo inayomsaidia mgonjwa kubadili mawazo na mazoea yake. Nalinganisha njia tatu: kozi za Beck Institute ya Marekani, zinazolipiwa na kufundishwa kwa Kiingereza, mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili, unaopatikana bure kwa Kifaransa, na mwongozo wa CBT wa mtafiti Kathleen Carroll wa mwaka 1998, uliotolewa bure na NIDA, taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya. Rafiki ananihimiza pia nitazame CBT4CBT. Ni ipi itakayoniwezesha kuketi na mgonjwa nikamsaidia kweli?

Mwanasaikolojia, Bukavu
CBT4CBT iondoe kabisa katika orodha, kwa kuwa ni programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe, wala haimfundishi mtoa tiba. mhGAP nayo ni pana mno kwa haja yako: itakufundisha kutambua uraibu, kuanzisha mazungumzo na kujua wakati wa kumpeleka mgonjwa hospitali, lakini haitakuongoza kikao baada ya kikao.

Mwongozo wa Carroll ndio unaofanya hivyo. Una vikao 12 hadi 16 kwa kawaida ya majuma 12, na kila kikao cha saa moja hugawanywa mara tatu: dakika 20 za kusikiliza juma lilivyokwenda, 20 za kufundisha stadi mpya, na 20 za kupanga mazoezi ya nyumbani. Uliandikwa kwa ajili ya watumiaji wa kokeini, lakini kiini chake ni kuchambua kilichotangulia unywaji, yaani mahali, watu, wazo na hisia, pamoja na kilichofuata. Mchimbaji anayelewa kila siku ya malipo, au mjane anayeanza kunywa kila anapotoka kilioni, utamchambua kwa njia ileile.

Papa wa Kampemba
Naona Beck Institute imepitwa haraka mno. Aaron Beck, mwanzilishi wa tiba hii, na wenzake waliandika kitabu kizima juu ya uraibu mwaka 1993, na nguvu yao ni katika yale mawazo ya kujipa ruhusa: «nimechoka leo, glasi moja haitanidhuru». Mwongozo wa Carroll unayagusa, ila mwanafunzi asiye na mwalimu huyapita juu juu. Nakiri tu kwamba Kiingereza na bei yake vitawashinda wengi wetu.

Mama wa Kamalondo
Papa, tofauti kubwa haiko katika jina la shule. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, Diane Sholomskas, Carroll na wenzao walilinganisha makundi matatu ya watoa tiba, jumla yao 78: waliosoma mwongozo pekee, walioongezewa tovuti ya mafunzo, na walioongezewa semina pamoja na usimamizi wa vikao vyao. Kundi la tatu ndilo lililoonyesha stadi bora zaidi, na la tovuti likawa katikati. Kwa hiyo swali la kumwuliza kila anayeuza kozi ni moja: nani atasikiliza vikao vyangu, na mara ngapi? Akikujibu kwa kukuonyesha picha ya cheti, fedha ya kituo ibaki kituoni.

Tena msidhani kazi hii ni ya wenye digrii peke yao. Huko Eldoret, Kenya, Rebecca Papas na wenzake waliwafunza watu wasio wataalamu kuendesha tiba hii katika makundi, kwa Kiswahili, kwa wagonjwa wa VVU waliokuwa wanywaji. Matokeo ya jaribio la kwanza, lililokuwa na washiriki 75, yalitoka mwaka 2011, na waliopewa tiba hiyo walipunguza pombe kuliko wenzao.

Muuguzi, Goma
Naongeza jambo moja ambalo kozi za tiba ya mazungumzo huligusia kidogo tu. Mtu anayekunywa kanyanga, pombe kali ya kwetu, kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuweweseka kwa namna inayoweza kumwua. Huyo anahitaji daktari, diazepamu na vitamini B1 kabla ya kikao chochote. Sehemu hiyo mhGAP inaieleza vizuri, kwa hiyo kaka wa Katuba aisome hata kama hakuichagua.

Muuguzi wa Katuba
Asanteni sana. Basi nitaanza na Carroll, nisome mhGAP kwa ajili ya wanaoacha pombe ghafla, na fedha ya kozi nimwombe mkuu aielekeze kwa msimamizi. Je, msimamizi aliye Bukavu anaweza kunisikiliza bila kunimalizia mega za intaneti?

Mwanasaikolojia, Bukavu
Anaweza. Rekodi sauti tu, si video, baada ya mgonjwa kukubali kwa maandishi, wala jina lake lisitajwe. Dakika 20 za katikati zinatosha kwa kuanzia. Nitazipima kwa kipimo cha Beck cha stadi za mtoa tiba, chenye vipengele 11, tuzungumze kwa simu, kisha sote wawili tufute rekodi hiyo.