Babu yetu wa Keya: alikwenda Burma mwenyewe au alikamatwa?

Mjukuu wa Mvumi:
Wakuu, habari za jioni. Babu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (KAR), jeshi la Mwingereza la askari Waafrika wa huku kwetu, vita ya pili ya dunia, akapelekwa Burma (siku hizi Myanmar) kupigana na Wajapani. Alifariki nikiwa darasa la pili, hivyo nategemea simulizi za wakubwa, nazo zinagongana. Baba anasema mzee alijiandikisha mwenyewe Dodoma mjini, akitafuta ng'ombe wa mahari. Baba mdogo anasema huo uongo: mtemi alitakiwa kutoa vijana, akatoa watoto wa wasio na kitu. Tumebaki na medali ya nyota, utepe wake umeliwa na mende. Marehemu bibi alikuwa akitaja "kifaru cha begani". Kuna kikao cha ukoo mwezi ujao na najua watashikana mashati. Mwenye kujua anisaidie.

Kijana wa Majengo:
Mzee kaenda kumpigania Mfalme ambaye hata Kikombo hapajui 😂 Mkuu, medali usiuze. Kuna jamaa wanazunguka na mizani wananunua shaba.

Mwalimu Mstaafu (Mpwapwa):
Mjukuu, hicho kifaru kinamaliza nusu ya ubishi. Kichwa cha kifaru, yule mnyama, kilikuwa beji ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ndani yake batalioni za Tanganyika zilikuwa ya 26 na ya 36 za Keya. Walipelekwa Ceylon (siku hizi Sri Lanka) 1943, mwaka uliofuata wakaingizwa Burma, kwenye bonde la Kabaw, kutoka Tamu kushuka hadi Kalewa. Desemba 1944 wakavuka mto Chindwin.

Baba yangu alikuwemo. Risasi hakuzisimulia sana, alisimulia tope na ruba. Mgogo aliyezoea kuisubiri mvua, kule ilimnyeshea mpaka akaichukia. Jioni akivua buti soksi zimelowa damu, ruba wamenona kama zabibu. Malaria ikawapukutisha. Barabara hazipitiki, chakula kikawa kinadondoshwa na ndege kwa miavuli.

Sasa hiari. Kwenye makaratasi ya Mwingereza walijitolea. Lakini kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha Ugogo ilikuwa kuuza ng'ombe au kwenda kukata mkonge, na wakati wa vita hata huko kwenye mkonge watu walipelekwa kwa lazima. Jeshini kuna mshahara, kuna nguo, na sehemu ya fedha inatumwa nyumbani. Baba alikwenda kwa miguu yake. Kaka yake alitajwa na jumbe. Nyumba moja hiyo! Bibi yangu aliwalilia wote kama maiti, maana aliiona Mtunya, njaa iliyokuja baada ya majeshi ya Mjerumani na Mwingereza kukomba ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo vita ya kwanza. Kwake yeye jeshi lilikuwa jeshi tu.

Kinachoniuma mimi ni malipo ya mwisho. Vita moja, bonde moja, lakini fedha zilipimwa kwa rangi ya ngozi.

Fundi Saa Kongwa:
Mleta mada, angalia hicho kipande cha utepe. Nyota zote zina ncha sita. Ya Burma utepe ni bluu iliyoiva, mstari mpana mwekundu katikati, kila upande kuna mchirizi wa rangi ya chungwa. Ukikuta rangi ya mchanga, hiyo ni ya Afrika, huenda alipita Uhabeshi (Ethiopia) 1941 na batalioni ya 6 ya Keya, ambayo 1942 ilikwenda pia Madagascar. Jina usilitafute, nyota za wazee wetu hazikuchongwa majina. Na tafadhali usiisugue kwa ndimu na majivu.

Mjukuu wa Mvumi:
Chungwa ipo! Asante sana fundi. Mwalimu, shikamoo. Huyo aliyetajwa na jumbe alirudi?

Mwalimu Mstaafu (Mpwapwa):
Marahaba. Alirudi. Baba alinunua ng'ombe, kaka yake akafungua duka la chumvi na viberiti pale Gulwe, akakopesha watu mpaka likafa. Kwenye kikao chenu waacheni kwanza hao wanaume wabishane, halafu waulizeni mashangazi wakubwa: ile fedha ya kila mwezi alikuwa akiipokea nani, mke wa babu au baba yake? Kijana wa kutafuta mahari hakuwa na mke wa kumtumia.

Kijana wa Majengo:
Mwalimu umewasha moto kwenye ukoo wa watu.