Naomba ushauri: pikipiki inapiga risasi tangu nibadili ekzosi

Wakuu, habari za mchana. Niko Tanga, naegesha bodaboda Ngamiani. Wiki iliyopita nilitoa ekzosi ya kiwandani kwenye chombo changu cha cc 150 nikafunga ile fupi ya kuunguruma. Sifa tu, nakiri.

Sasa nikiachia mafuta kwenye mwendo, hasa nikitoka Pongwe kuja mjini, inapiga pa! pa-pa! Juzi mama mmoja alishuka njiani akaniambia, "Mwanangu, mie na bunduki wapi na wapi?"

Tena asubuhi ikiwa baridi kuna mlio mwingine mbele, tik-tik-tik. Ikipata moto unapungua. Nilisogeza mkono pale bomba linapoungana na silinda, nikahisi upepo wa moto, na nati moja imejaa masizi. Gasketi, ile pete ya kuziba hapo kwenye maungio, fundi alirudishia ileile ya zamani, imeshabonyea.

Fundi mmoja anasema tapeti, zile za kusukuma valvu za injini, zimelegea, mwingine ananiambia nibadili jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia mafuta, eti mafuta yanaingia machache. Mimi nashuku gasketi, maana tapeti zingegonga hata injini ikishachemka, au nakosea?

Nianzie wapi kabla sijaliwa hela? Ekzosi ya zamani bado ninayo, iko uvunguni.