Ipomoea majani tele, maua ya kuhesabu

Mpandaji: Wadau, nina uzio wa waya unaopigwa jua tangu asubuhi hadi saa nane hivi. Nimeotesha Ipomoea ya buluu. Imekwea mpaka juu, majani mapana yanapendeza, ila maua ni mawili matatu. Mbolea naiwekea kila wiki. Shida nini? Na nichanganye na mmea gani mwingine wa msimu mmoja, rangi zisiwe moja tu?

Shangazi Waridi: Mwanangu, iache hiyo mbolea leo hii. Naitrojeni ikizidi unalisha majani. Ipomoea huchanua vizuri kwenye udongo wa kawaida tu. Ukiidekeza haioni sababu ya kutoa maua. Maji ipe, basi. Halafu nikuulize, unaitazama saa ngapi? Kila ua hufunguka alfajiri na kunywea mchana, halirudi tena. Anayetoka kazini jioni ataapa mmea wake ni tasa.

Mpandaji: Shangazi, umenishika! Natoka kabla hakujapambazuka, narudi jioni.

Shangazi Waridi: Basi ongeza Thunbergia alata, ile ya rangi ya chungwa yenye jicho jeusi katikati. Jioni utaikuta bado imefunguka. Asili yake ni Afrika, na pasipo baridi kali huishi zaidi ya mwaka, ingawa wengi huipanda ya msimu. Ila ni mpole: mara nyingi huishia mita 2 hivi. Ipe upande wake wa uzio, la sivyo Ipomoea itaifunika.

Fito na Kamba: Nastashia nayo isisahaulike, ila chagua aina inayotambaa, maana kuna ya vichaka. Hujishika kwa kuzungusha vikonyo vya majani, kwa hiyo inataka waya mwembamba, si nguzo nene. Maua yake yanalika, yana ukali kidogo. Nayo haitaki mbolea.

Mpandaji: Mbegu za Ipomoea zilizobaki nizipande vipi? Ngumu kama changarawe.

Shangazi Waridi: Zikwaruze kidogo kwa msasa, ziloweke usiku kucha, kisha zipande palepale zitakapokulia, mizizi yake haipendi kuhamishwa. Zifiche watoto wasizifikie, kwa sababu zina sumu. Hiyo iliyokwisha kwea usiikate. Vuta subira, mbolea ya zamani ipungue udongoni.

Mpandaji: Sawa Shangazi. Jumapili nitaamka mapema niione.