Kibali cha Secret kwa mfanyakazi wa kandarasi Marekani: SF-86, ndugu walio nyumbani na deni la hospitali

Mlango_wa_Pili aliuliza:

Wakuu, naomba wajuvi mnijuze. Mimi ni raia wa Marekani kwa kuapishwa, mzaliwa wa Kenya. Kampuni yenye kandarasi ya Wizara ya Ulinzi imenipa barua ya ajira, ufundi wa mitandao ya kompyuta, sharti nipate kibali cha usalama daraja la Secret. Fomu bado haijafunguliwa, ila wamesema itakuja wiki hii.

Mama yuko Kenya na namtumia pesa kila mwezi. Kuna shamba la marehemu baba ambalo bado halijagawanywa, nina hisa kidogo kwenye chama, na kuna binamu yangu mwanajeshi. Huku nina deni la hospitali lililopelekwa kwa wakusanya madeni. Hatua zinafuatana vipi, na kipi kati ya hivyo kinaweza kuniangusha? Na nikishapata, ni mambo gani ya kuripoti ili nisikipoteze?

Kabrasha:

Hongera mkuu. Kwanza ujue kibali hakiombwi na mtu binafsi wala hakilipiwi. Anayekuambia umpe dola kadhaa akutafutie ni tapeli. Kampuni ndiyo inayokudhamini, nayo lazima iwe na kibali chake yenyewe kama kampuni. Mtu wako wa karibu katika jambo hili ni afisa usalama wa kampuni, FSO. Siku nyingine utamhitaji kuliko meneja wako.

FSO anafungua ombi kwenye mfumo, wewe unapata barua pepe ya kuingia eApp, mfumo uliochukua nafasi ya e-QIP mwaka 2023. Humo ndimo unamojaza SF-86, fomu ndefu ya serikali inayouliza historia yako. Alama za vidole zinachukuliwa kwa njia ya elektroniki na zinadumu siku 120 tu. Ukichukuliwa alama mapema kisha ukakalia fomu miezi mitano, unachukuliwa upya. Ukimaliza unatia saini, FSO anaipitia kuangalia kama imekamilika. Hana ruhusa ya kutumia aliyoyasoma humo kwa jambo jingine lolote, kwa hiyo usifiche kitu kwa kuogopa bosi atajua.

Kisha inakwenda DCSA, wakala wa Wizara ya Ulinzi unaofanya upelelezi na uamuzi. Kabla ya uamuzi wenyewe wanaweza kutoa kibali cha muda kwa kuangalia fomu, alama za vidole, uraia na rekodi zako. Mwenye ndugu wa karibu nje ya nchi mara nyingine ananyimwa hicho cha muda. Kukinyimwa hakuna rufaa, lakini pia si kukataliwa: upelelezi unaendelea kama kawaida. Watu wengi hupaniki hapa na kuacha kazi bure.

Kwa Secret upelelezi ni wa daraja la tatu, na sehemu kubwa ni kukagua rekodi: polisi, mikopo, ajira. Mahojiano ya ana kwa ana hufanywa pale panapojitokeza la kufafanua, na kwa mtu mwenye familia nje uwe tayari kuitwa. Top Secret ni daraja la tano, huko mahojiano ni lazima na majirani wanagongewa mlango. Ukipitishwa, unasaini SF-312, hati ya kutunza siri, ndipo unaruhusiwa kugusa chochote.

Jambo moja la kufanya leo: kama umefunga ripoti zako za mikopo zisifunguliwe na mtu, uwe tayari kuzifungua wakiomba. Fomu yenyewe inaonya kwamba wasipoweza kuisoma ripoti, kazi inasimama.

Wino_Mweusi:

Nijazie upande wa ndugu, maana Kiswahili chetu kinatuponza pale. Fomu haijui "mama mdogo" wala "kaka" mtoto wa baba mkubwa. Kipengele cha 18 kinataka wazazi, wazazi wa kambo, mlezi, watoto, ndugu wa baba mmoja au mama mmoja, wa kambo, na wakwe zako wawili. Walio hai na waliofariki. Shemeji na wifi hawamo. Binamu hayumo. Ila kama shangazi ndiye aliyekulea, yeye anaingia kama mlezi, na watu wengi humsahau.

Wasioingia 18 wanapimwa kwa kipengele cha 19: mgeni yeyote, yaani asiye raia wa Marekani, ambaye ndani ya miaka 7 wewe au mwenzi wako mmekuwa na mawasiliano ya karibu au ya kuendelea naye, kwa mapenzi, ushawishi, masilahi au wajibu. Kuwa na binamu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako hutupiana picha za harusi tu, mimi siiti hiyo kuwa karibu. Lakini kama unampigia simu, unamsaidia ada ya mtoto, mwandike, na useme wazi ni mwanajeshi, cheo chake na kikosi kama unakijua. Mpelelezi akimkuta mwenyewe kwenye mazungumzo mengine ndipo uanajeshi wake unapogeuka tatizo.

Pesa za mama zinakwenda kipengele cha 20A, cha masilahi ya kifedha nje ya nchi. Swali pale ni kama UMEWAHI kumsaidia mgeni kifedha, si miaka saba tu. Usiandike "huwa namsaidia". Andika namna hii: "Mama mzazi, takriban dola 200 kila mwezi tangu Machi 2019, kwa pesa za simu, chakula na dawa za presha." Kiasi, muda, njia, sababu. Mwamuzi akisoma hivyo hana la kuuliza.

Shamba nalo liko 20A. Swali linagusa ulichowahi kumiliki na unachotarajia kumiliki, kwa hiyo urithi ambao haujagawanywa unaandikwa, na maelezo kwamba hati bado iko kwa jina la marehemu. Hisa za chama na za sacco ni masilahi ya kifedha nje ya nchi hata kama ni shilingi elfu tano. Andika thamani kwa dola, kwa kukadiria.

Anwani: sanduku la posta halikubaliki kama makazi. Kwa nyumba ya kijijini isiyo na namba, andika kijiji, kata na mji wa karibu, halafu kwenye kisanduku cha maelezo useme eneo hilo halina namba za nyumba. Tarehe usizozijua weka makadirio na utie tiki kwenye alama ya "Est." Hakuna anayetarajia ujue siku mama mkwe alipozaliwa.

Majina pia. Kama pasipoti ya zamani ilikuwa na majina matatu na cheti cha uraia kina mawili, au herufi zilibadilika, yote yanaingia kwenye majina mengine uliyotumia. Hapa ndipo fomu nyingi za watu wetu hurudishwa.

Mlango_wa_Pili:

Asanteni sana. Na makazi na kazi, miaka mingapi? Halafu hilo deni la hospitali silioni tena kwenye ripoti ya mikopo. Lina haja ya kuandikwa? Pia ninafikiria kurudisha uraia wa Kenya.

Kabrasha:

Makazi, ajira na masomo ni miaka 10 bila pengo. Muda uliokuwa huna kazi unaandikwa kama muda wa kutokuwa na kazi, pamoja na mtu anayeweza kuuthibitisha. Safari za nje ni miaka 7, na mihuri ya pasipoti ndiyo itakayokukumbusha tarehe. Wadhamini watatu wanaokujua vizuri, kwa pamoja wawe wanafunika miaka 7. Wasiwe ndugu wala watu uliokwisha kuwataja mahali pengine.

Ukimaliza, pakua nakala ya fomu kabla na baada ya kutia saini. Utakapoulizwa miaka mitano baadaye, majibu yako yatalinganishwa na hayo.

Mizani:

Deni. Liandike. Kipengele cha 26 kinauliza madeni yaliyopitisha siku 120 sasa hivi, na yaliyopitisha au kupelekwa kwa wakusanya madeni ndani ya miaka 7. Tangu 2023 mashirika matatu ya mikopo yameondoa kwenye ripoti madeni ya matibabu yasiyofika dola 500 yaliyo kwa wakusanya madeni, na yaliyokwisha kulipwa yaliondolewa kabla ya hapo. Kwa hiyo kutoonekana si kutokuwepo.

Masuala ya fedha ndiyo yanayowaangusha watu wengi wa kandarasi, mbele ya ndugu wa nje. Waamuzi wanatumia miongozo 13, yenye majina ya herufi, iliyo kwenye SEAD 4, agizo la serikali la kuamua vibali, la Juni 2017, na mwongozo F wa fedha hauulizi una deni kiasi gani peke yake. Unauliza lilitokana na nini na umelifanyia nini. Dola 3,000 za ajali ya ghafla zenye mpango wa malipo na risiti za miezi minne ni jambo dogo. Dola 900 ulizozikimbia miaka mitano, ukabadilisha namba ya simu, ni jambo kubwa. Piga simu kwa mwenye deni wiki hii, pata makubaliano kwa maandishi, anza kulipa hata kidogo kidogo. Usilipe kwa kuhamisha deni kwenye kadi ya mkopo. Na kama kuna mwaka hukupeleka ritani ya kodi, hiyo ipeleke kwanza kabla ya deni lolote. Serikali haipendi kumwamini mtu asiyetii sheria zake za kodi.

Akaunti za nje zikijumlishwa zikazidi dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, kuna FBAR ya kupeleka, yaani taarifa ya akaunti za nje, ambayo ni fomu tofauti na ritani. Wengi hawaijui, na inajitokeza vizuri kabisa ukishaandika akaunti hizo kwenye 20A.

Kudanganya kwenye SF-86 ni kosa la jinai la hadi miaka 5 jela, na hata usiposhtakiwa, mwongozo E wa mwenendo binafsi unakumaliza. Ukikumbuka kitu baada ya kutuma, mwambie FSO au mpelelezi haraka. Kusahihisha mwenyewe kabla hujakabiliwa kunahesabika upande wako. Baada ya kukabiliwa hakuna uzito huo.

Bangi: hata kama jimbo lako limeihalalisha, sheria ya shirikisho haijahalalisha, na anayetumia kwa sasa hawezi kupewa kibali. Ya zamani peke yake haikufungii mlango. Ushauri wa kisaikolojia wa kawaida, kama wa ndoa au msiba, haumo kwenye maswali ya kipengele cha 21, kwa hiyo usiogope kwenda.

Wakiona tatizo hutakataliwa kimyakimya. Unaletewa hati ya sababu, kila tuhuma na namba yake, na una siku 20 tangu uipokee. Jibu kila namba kwa "nakubali" au "nakana", kwa kiapo, ambatisha risiti. Unachagua kusikilizwa na jaji wa DOHA, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza kesi hizi, au kuamuliwa kwa maandishi. Mimi huwashauri watu wachague jaji, kwa sababu karatasi haziwezi kuonyesha mtu anavyojibu. Rufaa ina siku 15 na haipokei ushahidi mpya, hivyo ushahidi wote uingie mapema. Hukumu za DOHA ziko mtandaoni bila majina. Soma za mwongozo B, wa ushawishi wa nje, utaona familia zinavyopimwa. Lakini angalia: kampuni ikikuondoa kazini katikati, udhamini umekufa na kesi inasimama bila uamuzi.

Wino_Mweusi:

Uraia wa Kenya: katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, na Marekani kwa upande wa kibali haikatazi kuwa nao wala haidai usalimishe pasipoti. Inachodai ni ukweli na kuingia na kutoka Marekani kwa pasipoti ya Marekani. Ukiomba kabla ya fomu, unaandika kipengele cha 10. Ukiomba baada ya kupewa kibali, unaripoti. Mimi ningesubiri uamuzi utoke, si kwa sababu ni kosa, bali unaongeza swali jipya kwenye faili ambalo bado limefunguliwa.

Kuhusu kukitunza: upelelezi wa kila miaka 10 kwa Secret umebadilishwa na ukaguzi endelevu. Kompyuta zinachungulia rekodi za polisi na mikopo muda wote, na SF-86 inasasishwa kila miaka 5. Ukikamatwa Ijumaa usiku, wanaweza kujua Jumatatu asubuhi kabla FSO hajafungua ofisi. Mwambie wewe kwanza.

Kwa SEAD 3, agizo la serikali la mambo ya kuripoti, mwenye Secret anaripoti safari za nje za binafsi KABLA ya kwenda: tarehe, nchi, unakolala, unayesafiri naye. Ratiba ikibadilika au ukivuka ghafla kwenda Mexico kwa siku moja, ripoti ndani ya siku 5 za kazi baada ya kurudi. Puerto Rico na Guam si nje ya nchi. Msiba ukikuta usiku, tuma barua pepe ukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, usisubiri kurudi. Ripoti pia uhusiano mpya wa karibu na mgeni, kuomba au kutumia pasipoti ya nje, kukamatwa, kufilisika, deni kupita siku 120, tiba ya pombe au dawa za kulevya, na mtu anayekudodosa kuhusu kazi yako. Ukipanda Top Secret orodha inarefuka: kuoa au kuolewa, mgeni anayeishi nawe zaidi ya siku 30, akaunti na mali za nje, kupiga kura nje, na fedha za ghafla kuanzia dola 10,000. Kwa hiyo siku shamba la baba litakapouzwa, hilo nalo ni la kuripoti.

Weka jalada lako: kila ulichoripoti, tarehe, na jibu la FSO. FSO hubadilika. Na ukitoka kazini, si wewe unayebaki na kibali mkononi. Ruhusa ya kuona siri inakwisha siku hiyo, kampuni nyingine inaweza kukuchukua ulipoishia, ila ukipita miezi 24 bila kazi inayohitaji kibali, jiandae kuanza upya.

Mlango_wa_Pili:

Nimeelewa vizuri. Moja tu la mwisho: fomu inauliza Selective Service, yaani uandikishaji wa wanaume wanaoweza kuitwa jeshini. Niliingia nchini nikiwa na miaka 28, sijawahi kujiandikisha.

Mizani:

Hukutakiwa. Wanaoingia wakiwa wametimiza 26 hawajiandikishi. Jibu "hapana", na kwenye maelezo andika tarehe uliyoingia na umri wako siku hiyo. Mwaka wa kuingia ulingane na ule ulioandika kwenye uraia na kwenye makazi.