Mtoto hajui kusoma: uvivu, ualimu au disleksia?

Mwanzisha mada, Mbagala

Wadau, tujadili bila kutukanana. Mwanangu yuko darasa la tatu. Hadithi anasimulia mpaka babu yake anazima redio amsikilize. Juzi nikamkalisha na kitabu, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, vizuri tu. Kumbe nilikuwa nimefungua ukurasa mwingine kabisa! Alikuwa anatiririsha alichokariri darasani. Nikamwekea kidole kwenye "nyumba", akaanza nnn... nyu... huku ananitazama mdomo, kama ataliona jibu pale.

Daladala ya Kariakoo anaijua tangu iko mbali, kwa mstari wa rangi ubavuni. Maandishi ya mbele hayamhusu.

Shuleni wanasema mvivu, na dawa ya mvivu mnaijua. Mimi nasema disleksia itangazwe: redioni, kliniki, vikao vya wazazi. Ni hali ya ubongo kupata shida kuunganisha sauti na herufi, aghalabu inatembea kwenye ukoo, na haipunguzi akili. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyemudu hesabu ila si kusoma. Mwalimu wake alisema angekuwa wa mbele kabisa shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Sisi bado tumeshika fimbo.

Mwalimu wa darasa la pili, shule nyingine

Pole, mzazi. Ila darasani kwangu watoto wanapita mia. Ukiniletea jina jipya, nalifanyia nini? Tangu 2015 tunakazania KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) madarasa ya chini, na bado wapo wanaovuka hawajui kusoma. Wengi wao hawana disleksia. Hawaoni ubaoni, wamekuja na njaa, au hatukuwafikia. Tangazeni redioni muone: kila mtoro atakuwa nayo.

Mwanzisha mada

Mwalimu, la macho nilianza nalo, akapimwa, mazima. La njaa sibishi.

Lakini angalia Kiswahili chetu kinavyomficha mtoto huyu. Ba ni ba popote uikute, kwa hiyo akisukumwa sana mwisho anaziunga silabi, ila polepole mno, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshampotea. Sisi tunasubiri ageuze b kuwa d kama tulivyosikia, kumbe kinachomtambulisha zaidi ni kuchelewa. Akifika kidato cha kwanza masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, herufi ile ile leo inatamkwa hivi, kesho vile. Hapo ndipo anaacha shule, tunasema kashindwa maisha.

Sidai cheti. Asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake, aongezewe muda, hesabu za maneno asomewe. Hayo yanataka bajeti gani?

Fundi umeme, Tabata

Nina miaka 41. Waya nazifunga hata gizani. Fomu ya benki naibeba nyumbani mke wangu aijaze, nasema nina haraka. Mwalimu, unaogopa mtoto kupewa jina? Mimi nilishapewa, darasa zima likiitikia: zuzu.

Mwalimu wa darasa la pili

Fundi, umenikalisha.

Yuko mmoja wangu, dawati la nyuma, hesabu za mdomo anawashinda wote na daftari lake jeupe. Jumatatu nitamsomea maswali nione. La redioni bado napinga.