Diski ya SCSI imegoma kubuti

Rehema: Shikamooni wakubwa. Ile kompyuta yenye data za hesabu imegoma kubuti, yaani kuwaka na kupakia Windows, tangu iongezwe diski ya pili. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Diski zote mbili ni SCSI, yaani aina inayounganishwa kwa kebo moja kwenye kadi maalumu.

Mjomba: Marahaba mwanangu. Hayo maandishi yanaishia wapi? Kadi ya SCSI huanza kwa kujitaja jina, kisha huita namba mojamoja na kuorodhesha diski zilizoitika, halafu ndipo mfumo endeshi unapakiwa. Kila hatua ina ugonjwa wake.

Hamisi: Piga fomati uweke Windows upya, utajiumiza kichwa bure.

Mjomba: Hamisi, ebu tulia. Data ziko mle ndani. Fomati haitibu kebo.

Rehema: Jina la kadi linatokea. Ikifika kuita namba 0 inaganda kama dakika nzima, kisha inaonyesha diski mpya peke yake. Ya zamani haipo.

Shemeji: Namba zimegongana, zote mbili zimepangwa 0. Kwenye kebo moja kila kifaa lazima kiwe na ID yake, yaani namba yake. Diski ya pini 50 inachukua 0 hadi 7, ya pini 68 inachukua 0 hadi 15. Namba 7 usiiguse, kwa kawaida ni ya kadi yenyewe. Siku ukiona diski moja imejitokeza kwenye kila namba, ujue imekaa kwenye namba ya kadi.

Rehema: Nabadilisha wapi, shem?

Shemeji: Kwenye jampa za diski, vile vikofia vidogo vinavyounganisha pini mbili. Zima, chomoa waya wa umeme kabisa. Jampa kwenye A0 ni 1, A1 ni 2, A2 ni 4, A3 ni 8, unajumlisha. Bila jampa ni 0. Ya zamani iache ilivyo, mpya weka jampa moja kwenye A0 iwe 1. Fuata mchoro wa lebo ya diski, maana safu hiyohiyo ina pini za mambo mengine. Na ukiwasha sikiliza: diski isiyovuma kabisa huenda ina jampa ya kusubiri amri ya kuwasha mota, na kadi haijapangwa kuituma.

Rehema: Zote zinavuma, na sasa zote zinaonekana, 0 na 1. Ila kasi ya ile ya zamani ilikuwa inaandikwa 160 (MB kwa sekunde), sasa ni 40. Na Windows ikianza kupakia inaganda. Mpya ni ya pini 50, iko katikati ya kebo kwa kigeuzi cha 68 kwenda 50. Ya zamani iko tundu linalofuata, mwisho kuna kidude kimechomekwa.

Mjomba: Hicho kidude ndicho tamineta, kiache hapohapo. Hiyo 40 isikutishe: diski yako ya zamani ni LVD, aina ya SCSI yenye kasi kubwa, na ukiweka kifaa kimoja tu cha aina ya kale kwenye kebo ya LVD, kebo nzima inashuka kwenye mwendo wa kale. Tatizo ni kule kuganda. Tamineta zinatakiwa mbili tu, moja kila ncha, ili mawimbi ya umeme yaishie pale yasirudi nyuma na kuvuruga data. Ncha moja ni kadi, nyingine ni hicho kidude. Sasa diski za pini 50 nyingi zina tamineta yao ndani, na yako nadhani imewashwa. Ya tatu ikikaa katikati inadhoofisha mawimbi.

Hamisi: Mbona basi kadi imeziona zote mbili?

Mjomba: Swali zuri. Kuitana majina hufanyika polepole na kwa data kidogo sana, kwa hiyo hata kebo mbovu inapita. Mzigo ukianza kwenda kwa kasi ndipo inavunjika. Diski kuonekana kwenye orodha si uthibitisho kwamba kebo ni nzima. Rehema, tafuta jampa iliyoandikwa TE au TERM, iondoe. Yenye maneno ya umeme wa tamineta, TP, iache. Kwenye diski za zamani zaidi hakuna jampa, utakuta vipande vyembamba vya rezista vimepangwa mstari karibu na tundu la kebo, mara nyingi vitatu. Vinang'olewa vyote, na uweke alama upande wa pini ya 1 kabla hujang'oa.

Rehema: Ilikuwepo TE, nimetoa. Haigandi tena, lakini sasa inasema hakuna mfumo endeshi 😩

Hamisi: Sasa fomati? 😂

Mjomba: Hamisi!! Rehema, kadi ikijitaja bonyeza Ctrl+A kama ni Adaptec, Ctrl+C kama ni LSI. Tazama ID ya kubutia, iwe 0. Kisha BIOS ya mazabodi (mipangilio ya bodi kuu), SCSI itangulie. Ukiwa na diski ya IDE (aina nyingine, isiyo SCSI) mle ndani inaweza kujifanya ya kwanza. Mpangilio wa tafsiri ya diski zinazozidi GB 1, yaani jinsi kadi inavyohesabu sehemu za diski, usiuguse kabisa: vichwa 64 na sekta 32 vikigeuka 255 na 63, kibutishi cha zamani (programu inayoanzisha mfumo endeshi) kinapotea njia. Na kwenye menyu ya diski, amri ya kukagua imekaa jirani na ya fomati. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Rehema: ID ya kubutia ilikuwa 1, nadhani niliigeuza mwenyewe nikihangaika. Nimerudisha 0. IMEWAKA 🙌

Shemeji: Hongera. Kadi ni ipi?

Rehema: Adaptec 29160.

Shemeji: Basi hiyo 40 usiivumilie. Ina tundu la pini 50 lililotengwa na upande wa LVD. Toa kigeuzi, diski mpya iende huko kwa kebo yake, ikae tundu la mwisho kabisa, kipande cha kebo kisibaki kinaning'inia. Na jampa ya TE irudishe, kwa sababu sasa diski hiyo ndiyo ncha. ID zibaki 0 na 1, bado ni ukoo mmoja wa namba.

Hamisi: Na mtu akitaka kubadilisha kadi yenyewe?

Mjomba: Hapo ndipo Windows inaleta skrini ya bluu, 0x0000007B, draiva ya kadi mpya haipo. Chomeka kadi zote mbili, butia kwa ya zamani, sakinisha draiva ya mpya, zima, ndipo uhamishe kebo. Linux nayo inataka moduli (draiva) ya kadi iwemo kwenye initrd, faili linalopakiwa mwanzoni wakati wa kubuti; kwa Adaptec za ukoo huo ni aic7xxx.

Rehema: Ya zamani imerudi 160, mpya nayo ipo.

Mjomba: Nakili data za hesabu kwenda ile mpya kabla hujafunga kifuniko.